NORWAY WALIKATAA KWA SABABU YA SAMAKI



Natoa maoni yangu juu ya hoja moja ambayo nimeisikia mara nyingi, vilabuni, ndani ya mabasi, na hata katika ofisi ya walimu. Kila Shirikisho la Afrika Mashariki linapotajwa, hakosi mtu wa kusema: "Mbona Norway na Uswisi wamekataa kuingia Umoja wa Ulaya na wanastarehe? Tajiri haungani na maskini." Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini, na naona hoja hii inawapotosha wananchi.

Norway wameulizwa kwa kura mara mbili. Mwaka 1972 asilimia 53.5 walikataa, na Waziri Mkuu Trygve Bratteli akajiuzulu. Mwaka 1994 asilimia 52.2 walikataa tena. Watu hudhani hiyo ni jeuri ya mafuta. Lakini mafuta ya Ekofisk yaligunduliwa mwaka 1969, na wakati wa kura ya kwanza yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kutoka. Ule mfuko wao mkubwa wa akiba ya mafuta uliwekewa fedha kwa mara ya kwanza mwaka 1996, yaani miaka miwili baada ya kura ya pili. Sasa huyo tajiri aliyekataa ni nani?

Aliyekataa ni mvuvi na mkulima mdogo. Nchi ile ina pwani ndefu mno na ardhi ya kulima ni haba. Mwaka 1970 nchi sita zilizokuwa katika Jumuiya ya Ulaya zilikubaliana kwamba mvuvi wa nchi mwanachama anaweza kuvua katika maji ya mwanachama mwingine. Ziliamua hivyo wakati Norway, Uingereza, Denmark na Ireland zimesimama mlangoni zikingoja kuanza mazungumzo. Ni kama mtu anayekukaribisha nyumbani kwake huku ameshagawa chakula ulichokuja nacho. Waziri wa Uvuvi wa Norway, Knut Hoem, hakuridhika na masharti yaliyopatikana, akaacha kazi mwaka 1972.

Katika kura ya 1994 serikali ya Bibi Gro Harlem Brundtland ilitaka kuingia. Mjini Oslo watu wapatao wawili katika kila watatu walikubali. Kule Finnmark, kaskazini kabisa, watu wapatao watatu katika kila wanne walikataa. Mshahara wa karani wa Oslo hautoki baharini.

Iceland nao ni hivyo hivyo. Kwa ajili ya samaki waligombana na Uingereza mpaka manowari zikatumwa, na ugomvi wa mwisho ulikwisha mwaka 1976 Iceland wakiwa wamepata maili zao 200 za bahari. Mabenki yao yalipoanguka mwaka 2008 waliomba uanachama, mwaka 2009, lakini mwaka 2013 serikali mpya ikasimamisha mazungumzo. Sura ya uvuvi ilikuwa haijafunguliwa hata kidogo. Greenland waliingizwa mwaka 1973 kwa sababu tu walikuwa chini ya Denmark, ingawa wengi wao walikuwa wamepiga kura ya hapana. Walipopata madaraka ya ndani walipiga kura yao wenyewe mwaka 1982, na mwaka 1985 wakatoka. Uswisi wana mambo yao: hata Umoja wa Mataifa waliingia mwaka 2002 tu.

Lakini wanaosema kwamba walio nje wanastarehe hawaelezi gharama yake. Tangu mwaka 1994 Norway wamo katika mkataba wa Eneo la Uchumi la Ulaya. Wanauza bidhaa zao katika soko lile, isipokuwa sera za kilimo na uvuvi zimebaki mikononi mwao. Kwa upande wao wanapokea sheria za soko zinazotungwa Brussels, ambako hawana kura, na wanatoa fedha kusaidia nchi wanachama zenye kipato kidogo. Wao wenyewe walipata kuiita hali hiyo demokrasia ya faksi, kwamba sheria inaingia kwa mashine na kazi yao ni kuipokea. Mimi sioni kwamba huo ni uhuru mkubwa sana. Wamelinda samaki na mashamba, wakaacha kiti mezani. Huenda mvuvi wa Finnmark anaona amefanya biashara nzuri, na siwezi kumlaumu, lakini asiitwe mtu anayekula bure.

Hapa kwetu, maoni yalipokusanywa mwaka 2007, Watanzania wengi walikataa kuharakisha shirikisho la kisiasa, na hofu ya ardhi ilikuwa moja ya sababu. Wapo waliowacheka na kuwaita washamba. Kwa nini mkulima anayeogopa kupoteza shamba awe mshamba, na mvuvi wa Norway anayeogopa kupoteza bahari awe mwerevu? Mimi napenda shirikisho hilo. Wanaolihubiri waje vijijini watueleze ardhi itakuwa chini ya nani, waeleze kwa maandishi, kabla ya kutuuliza kama tunataka.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Wilaya ya Mufindi.