Butembo: Mfuko wa jamii unaodai karatasi ya Kinshasa ni wa jamii gani?

Butembo – Katika kata nyingi za mji huu, nyumba moja ya vyumba vitatu inalaza jamaa mbili, hata tatu. Hakuna hapa kambi kubwa kama zile zilizokuwa pembeni ya Goma. Watu waliokimbia mauaji ya ADF katika Beni tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, na wale waliotoka kusini ya Lubero wakati M23 ilipoikamata Kanyabayonga mwishoni mwa mwezi wa 6 mwaka 2024, wengi wao walipokelewa na ndugu, na wenzao wa kanisa, ao na watu wasiowajua kabisa. Chakula cha kwanza kilitoka katika chungu cha mwenye nyumba. Mara nyingi blanketi ya kwanza ilitolewa na wamama wa AVEC, wale wa kuweka na kukopa, waliofungua sanduku kabla ya siku ya kugawana.

Sasa wamama hao wakienda kuomba fungu kidogo kwenye mfuko unaojiita wa jamii, swali la kwanza si watu wangapi wamelala kwenu. Swali ni: personalite juridike iko wapi?

Tuseme wamama 15 wa Vulengera wanatafuta dola 800 za kununua maharagi, sabuni na mbegu kwa ajili ya jamaa 20 zilizohama. Wanaambiwa walete sheria za shirika zilizopitia kwa noteri, konti ya benki yenye sahihi mbili, hesabu za miaka iliyopita zilizokaguliwa, na mradi ulioandikwa kwa Kifaransa kwenye kompyuta. Hiyo personalite nayo, kwa sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2001, inatolewa na waziri wa sheria. Waziri yuko Kinshasa. Kutoka Butembo hakuna barabara ya kufika kule, ni ndege tu, ao kumlipa mtu afuate dosie biro kwa biro. Sheria inamruhusu gavana kutoa ruhusa ya muda, na kwa kuwa serikali ya jimbo ilihamia Beni baada ya Goma kuanguka mwanzoni mwa 2025, angalau safari imekuwa fupi. Lakini mifuko mingi haitaki ruhusa ya muda. Inataka karatasi yenyewe. Basi kabla ya kuona dola moja ya msaada, wamama wamekwisha kutumia zao, zile ambazo zingenunua maharagi.

Nani anapita katika mlango huo? Kila mtu Butembo anamjua. Ni shirika la mfukoni: muhuri mmoja, kompyuta moja, kijana mmoja anayejua kupanga vizuri maneno ya wafadhili, rezilianse, koezio sosiale, na mengine ya namna hiyo. Akishapata fungu, anapanda pikipiki kwenda Vulengera kuwapiga picha wamama walewale walionyimwa. Picha inaingia katika ripoti. Wamama wanabaki na chungu chao.

Wenye mifuko wana jibu lao, na si jibu la ovyo: bila makaratasi, pesa zitaibiwa. Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa juu ya wizi wa misaada. Walipitia Ebola, kuanzia tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 hadi tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020. Watu zaidi ya 2,280 walikufa, na Butembo pamoja na Katwa ziliumia sana. Ndipo lilipozaliwa neno “Ebola bizinesi”, kwa sababu ya magari ya kukodi na malipo ambayo raia hawakuelewa yanakwenda wapi. Mwezi huohuo ugonjwa ulipotangazwa kuisha, ilijulikana pia ripoti juu ya rushwa katika misaada ya Kongo nzima. Ilieleza jinsi wafanyakazi wa mashirika, wafanyabiashara na hata machefu walivyokula pamoja. Mashirika yaliyoibiwa humo yalikuwa na personalite, yalikuwa na konti, yalikuwa na wakaguzi wa hesabu. Karatasi haikumzuia mwizi. Ilimpa kofia tu.

Na wanaosema tungoje wafadhili wakubwa wabadilike, wahesabu miaka. Mwaka 2016 kule Istanbul wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufika 2020 robo ya pesa za misaada, asilimia 25, ingefika kwa mashirika ya wenyeji. Haikufika. Kisha mwezi wa kwanza 2025 Marekani, mfadhili mkubwa kuliko wote katika Kongo, ikasimamisha misaada yake. Kwa hiyo mfuko mdogo wa hapa, unaokusanya pesa za wafanyabiashara, za makanisa na za watoto wa Butembo walio Ulaya, si jambo la pembeni tena. Kwa jamaa nyingi ndio mlango uliobaki, na ni aibu kuuwekea kufuli la Kinshasa.

Mji huu unajua kuchanga. Université Catholique du Graben, iliyofunguliwa mwaka 1989 wakati wa Monsenyori Emmanuel Kataliko, ilisimama kwa michango ya wakristo na wafanyabiashara, serikali ya Mobutu ikiwa haina hata pesa ya kurekebisha barabara. Kenya nako, Kenya Community Development Foundation, iliyoanza mwaka 1997, inathamini kile wenyeji wanachokusanya wenyewe, ndipo inaongeza juu yake. Kikundi cha AVEC kilichovunja sanduku lake kwa ajili ya wageni kimekwisha kutoa mchango wake. Hiyo ihesabiwe kama hati.

Kwa mafungu yaliyo chini ya dola 1,000, mifuko ya Butembo na Beni inaweza kubadilisha masharti kesho asubuhi. Ombi lisikilizwe kwa mdomo, kwa Kiswahili ao Kinande, na mtu wa mfuko aandike. Daftari la AVEC likubaliwe mahali pa hesabu zilizokaguliwa. Barua ya mkuu wa kata ikubaliwe mahali pa personalite, ila isiwe peke yake, maana machefu nao walitajwa katika ile ripoti. Waulizwe pia watu wawili watatu wa waliohama, wale wanaolala katika nyumba hizo.

Na kila mwisho wa mwezi majina yasomwe kwenye redio: kikundi gani, kata gani, dola ngapi, za kununua nini. Jirani aliyesikia kwamba kikundi cha kata yake kimepata dola 800 za maharagi atakwenda mwenyewe kutazama gunia. Mkaguzi wa namna hiyo haombi ndege wala perdiem, na yuko katika kila kata.