Kamio inayoshuka mulima: tusilipe shofere juu ya kukimbia

Wandugu wanachama, siye ba-agronome tunawasumbua kila mwaka: pandeni kwa mstari, palilieni mapema, kausheni mahindi vizuri mbele ya kuyaweka ndani ya mifuko. Hayo yote ni sawa. Lakini kuna kazi moja ambayo hatuizungumzi, na yenyewe inaweza kumaliza kwa dakika kumi jasho la miezi sita: kamio iliyojaa ikianza kushuka mulima.

Nasema wazi maoni yangu tangu mwanzo. Koperative inayomupa shofere zawadi juu ya mazutu aliyobakisha, au inayomukata franka juu ya kuchelewa, inamufundisha kushuka vibaya. Na siku freni zitakataa, hatutakuwa na haki ya kusema kosa ni la shofere peke yake.

Tuanze na joto, maana mulima ni mambo ya joto. Kamio ya tani 20, pamoja na mzigo wake, ikishuka mita 100 kutoka juu hadi chini, uzito wake unatoa joto la kutosha kuchemsha karibu lita 60 za maji ya baridi. Ni sufuria tatu kubwa za bukari. Sasa fikirieni njia ya kutoka plato ya Biano, inayopita mita 1,500, hadi Bukama kwenye bonde la Upemba, karibu mita 600. Ukijumlisha miteremko yote ya safari hiyo, ni joto la kuchemsha maji ya karibu mapipa matatu ya lita 200. Upepo na barabara vinachukua sehemu. Ile inayobaki inapaswa kwenda mahali fulani, na ni shofere anayechagua iende wapi.

Pa kulipeleka ni patatu. Pa kwanza ni freni za magurudumu. Hizi ni nzuri kwa kusimamisha gari, lakini hazikutengenezwa kushikilia tani 20 mulima muzima. Ukizikanyaga bila kuachilia, zinapata moto, zinanuka, kisha zinapoteza nguvu. Unakanyaga mpaka chini na gari inaendelea kwenda. Pa pili ni moteri yenyewe: ukiwa na vitesi ya chini, moteri inashikilia gari, na joto linatokea kwa eshapema na radiatere. Pa tatu ni ralantisere, ambayo iko ndani ya kamio na bisi mingi za mitumba zinazotufikia kutoka Ulaya.

Kuhusu ralantisere, ba-shofere wengi wanaipenda bila kuijua. Ile ya mafuta, inayofungwa kwenye buati ya vitesi, inafanya kazi kama mtu anayetembea ndani ya matope. Mafuta yanazuia kuzunguka, na yenyewe yanapata moto sana. Joto lile linapelekwa kwa maji ya moteri, kisha kwa radiatere. Hapa ndipo kosa linaingia. Pompi ya maji, na kwa kamio mingi feni pia, vinazungushwa na moteri. Ukishuka na vitesi ya juu, moteri inazunguka polepole, pompi inazunguka polepole, na wakati huohuo ralantisere inamwaga joto kwa nguvu yote. Ni sawa na kuongeza makaa kwa mbabula huku umesahau sufuria. Sindano ya joto inapanda. Kwa magari mengine ralantisere inajipunguza au inajizima yenyewe ili isiungue, katikati ya mulima, wakati shofere anaitegemea.

Dawa yake haiombi hata franka moja. Vitesi ya chini ichaguliwe mbele ya mulima, gari ikiwa bado inakwenda taratibu. Kubadilisha katikati ni hatari, maana vitesi inaweza kukataa kuingia na gari ikabaki huru. Moteri ikizunguka vizuri, bila kupita kipimo chake, maji yanatembea na radiatere inapoa. Sindano ikianza kupanda, shofere apunguze ralantisere na apunguze mwendo kwa freni za magurudumu: kukanyaga kwa nguvu kidogo mpaka mwendo ushuke, kwa mfano kutoka kilomita 30 hadi 20 kwa saa, kisha kuachilia kabisa ili zipoe. Asikanyage-kanyage haraka-haraka, maana atamaliza hewa ya freni. Na kama barabara ina utelezi wa mvua na kamio haina mzigo, ralantisere izimwe, maana inashika magurudumu yanayosukumwa na moteri tu, na haya yanaweza kuteleza.

Kuna jambo moja la kwetu. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400. Hapa maji ya wazi yanachemka kwa digri 95 hivi, si 100. Ni kifuniko cha radiatere, kwa kushikilia presha, kinachozuia maji yasichemke mapema. Basi kamio ambayo kifuniko chake kimeharibika na kufungwa na kitambaa, nayo inajazwa maji ya mtoni kila asubuhi, imeshapoteza nusu ya ulinzi wake mbele ya kufika mulimani. Komite ya usafirishaji inaweza kuangalia kifuniko hicho kwa dakika moja, moteri ikiwa baridi. Kwa moteri ya moto, mtu asikifungue.

Sasa mazutu. Wengine wanatoa vitesi, wanaacha gari iteremke huru, wakisema wanabakisha mazutu. Si kweli. Moteri ya dizeli ikiwa ndani ya vitesi, inasukumwa na gari na mguu hauko kwa aksele, pompi inakata mazutu. Ukitoa vitesi, moteri inapaswa kunywa kidogo ili isizimike. Anayeshuka huru anatumia mazutu zaidi, na freni zake zinabeba kila kitu peke yake. Ile zawadi ya mazutu tunayolipa, inalipa uongo.

Mutaniambia: agronome, muda ni franka. Tuhesabu pamoja. Mulima wa kilomita 6, kwa mwendo wa 50 unachukua dakika 7. Kwa mwendo wa 25, dakika 14 na kidogo. Tunagombania dakika 7, wakati foleni ya kamio za mine inatuchukua saa nzima bila mtu kulalamika.

Wengine watasema shofere anajua kazi yake. Wengi wanaijua, ndiyo. Lakini shaba ya Kolwezi inayokwenda Dar es Salaam inapita Mbeya, na mteremko wa Iwambi kule unajulikana kwa ajali za malori. Walioendesha walikuwa pia ba-shofere wa kazi. Na barabara zetu tunazigawana na mizigo mikali. Mwezi wa pili 2019, karibu na Kabwe, humu jimboni mwetu, ajali ya kamio iliyobeba asidi iliua watu wengi. Barabara ya namna hiyo haitaki haraka yetu.

Ninaomba basi mkutano mkuu, mbele ya mavuno, uandike mambo manne katika mapatano ya usafirishaji. Moja, zawadi ya mazutu na adhabu ya kuchelewa ziondolewe. Kama kuna zawadi, iwe ya gari iliyofika na mifuko yote. Mbili, kamio isimame mbele ya kila mulima mkubwa, freni na maji viangaliwe, vitesi ya chini iingizwe. Tatu, mzigo usipite kipimo cha gari: kila tani ya nyongeza ni joto la nyongeza. Ine, hakuna mama wala mtoto juu ya mifuko wakati wa kushuka.

Hilo la ine litaleta kelele, najua, maana wengi hawana namna nyingine ya kufika sokoni. Tuchange basi franka za tikiti zao kutoka kwa sanduku la koperative. Mufuko ukipotea, mwaka ujao tutalima tena.