Acheni Kuua Saa

Walimu wa michezo wa huku Kasigau, hebu tuambiane ukweli. Zikibaki dakika mbili na timu yetu ya kikapu iko mbele kwa alama tatu, kelele inayotoka kando ya uwanja ni ile ile, iwe Makwasinyi, Rukanga au Bungule: "Tulieni! Kaeni na mpira!" Basi watoto waliokuwa wakicheza vizuri tangu mwanzo wanageuka mabawabu. Mpira unazungushwa mbali, huku na kule, hakuna anayetazama ringi. Mpinzani naye si mjinga. Akishaona hatutaki kufunga, anaacha kulinda kikapu chake, wawili wanambana mwenye mpira kwenye kona, pasi ya woga inatoka, imeibwa, alama mbili. Halafu tunasema eti ni bahati mbaya.

Najua jibu lenu: viwanja vyetu vya udongo havina saa ya sekunde 24, kwa nini tusikae nao? Kweli, na ujanja huo uliwahi kufaulu. Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19-18, mechi nzima hiyo, kwa kushikilia mpira ili lile jitu George Mikan lisiupate. Watazamaji wakazomea. NBA ikaona biashara inakufa, na mwaka 1954 ikaleta saa ya sekunde 24. Sisi bado tuko 1950.

Hasara yenyewe haionekani hapa kijijini. Inaonekana mtoto akifika Voi, Mombasa au chuoni, akakutana na ubao unaohesabu. Zikibaki sekunde nne ndipo anagundua kwamba hakuna aliyewahi kumfundisha kutafuta mtupo mzuri akiwa mbele. Anaurusha tu. Kocha mpya anamwona hana akili ya mchezo, anamweka benchi, na ule msaada wa karo uliokuwa ukinukia unakwenda kwa mwingine. Huyo mtoto si mwoga. Woga alifundishwa, tena na sisi.

Na hesabu yenyewe inakataa. Zimebaki sekunde 50, unaongoza kwa mbili, mpira ni wako. Hata ukizimaliza zote 24 bila kufunga, mpinzani anabaki na 26, yaani shambulizi zima na chenji juu. Umeua nini hapo?

Februari 2021, kule Yaoundé, Angola, wakati huo mabingwa wa Afrika mara 11, walikuwa mbele ya Morans wetu kwa alama moja. Tylor Ongwae akatupa, muda ukaisha, 74-73, na Kenya ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Tulishangilia sote. Lakini ni nani kati yetu aliyeitazama mechi ile kwa macho ya Angola? Kikapu kimoja zaidi upande wao katika zile dakika za mwisho, na mtupo wa Ongwae ungekuwa wa kufutia machozi tu.

Sisemi watoto wakimbie ovyo kama mbuzi walioona ndovu. Saa itumike, ndiyo. Ila shambulizi lianze zikibaki sekunde 12, si nne: mmoja akate kuelekea ringi, mwingine amkinge beki, mwenye mpira awe na pa kuupeleka. Refa wa mazoezi, hata kama ni mwanafunzi mwenye filimbi ya kuazima, ahesabu kwa sauti. Na kwa kuwa mpinzani aliye nyuma atafanya faulo makusudi ili saa isimame, mpira uwe mikononi mwa yule asiyetetemeka kwenye mitupo huru. Huyo hatumjui, maana mitupo huru tunaifanyia mzaha mwanzoni mwa mazoezi, miguu ikiwa bado mibichi. Ifanywe mwishoni, kumi kwa kila mtoto, wakiwa wanahema.