Ofisi za UN zinakuja Nairobi, lakini ngazi ya kwanza nani atamlipia kijana wa Pwani?

Habari kwamba UNICEF, UNFPA na UN Women zitahamishia Nairobi sehemu ya shughuli zao za makao makuu kufikia mwisho wa 2026 zilipokewa kwa furaha kote nchini. Huku kwetu, barazani na katika makundi ya WhatsApp, swali la wazazi limekuwa moja tu: je, mwanangu mwenye digrii naye atapata?

Jibu la haki ni kwamba nafasi zitakuwepo, ila mambo yakiachwa yalivyo, watoto wetu wengi hawataifikia hata foleni yenyewe.

Kwanza tusidanganyane kuhusu wakati tulio nao. Nairobi inapanuka, lakini Umoja wa Mataifa wenyewe unabana matumizi. Tangu Machi 2025, Katibu Mkuu António Guterres alipoanzisha mpango wa mageuzi uitwao UN80, maelfu ya nafasi za kazi zimelengwa kufutwa duniani. Mwaka huo huo Marekani ilisitisha misaada yake, na Julai 1 shirika la USAID likafungwa rasmi. Wakenya wengi waliokuwa wakifanya kazi katika miradi ya afya na ukimwi, Pwani ikiwemo, walirudi nyumbani. Kwa hivyo kijana anayemaliza chuo leo anashindania nafasi na watu wenye uzoefu wa miaka kumi.

Pili, tuelewe kazi hizi zimepangwaje. Kuna nafasi za kimataifa, zinazojulikana kwa herufi P, ambazo mtu wa nchi yoyote anaweza kuomba. Nyingi kati ya zile zinazotoka New York ni za aina hiyo, na si ajabu wenyewe wakaja nazo. Kisha kuna nafasi za G, yaani makarani, wahasibu wasaidizi, madereva na mafundi, ambazo huajiriwa papa hapa nchini. Ziko pia nafasi za wataalamu zilizotengewa raia wa nchi. Kwa Mkenya aliye mwanzo wa safari, milango iliyo karibu ni hii miwili ya mwisho.

Ila milango hiyo huuliza uzoefu, na uzoefu kwa wengi huanza na uanagenzi. Hapo ndipo tunapokwama. Uanagenzi wa Sekretarieti ya UN, ambayo ndiyo inayosimamia ofisi kuu ya Gigiri, hauna malipo. Huchukua miezi miwili hadi sita, na mwanagenzi hujitafutia malazi, nauli na bima ya afya. Tufanye hesabu ndogo ya makadirio. Chumba cha Sh10,000 kwa mwezi, nauli ya Sh200 kwa siku 22, chakula cha Sh300 kwa siku 30. Jumla ni Sh23,400 kwa mwezi, na kwa miezi sita ni Sh140,400, kabla ya bima na nguo za ofisini.

Kijana aliyezaliwa Nairobi hulala kwao na kula kwao. Wa Msambweni, Garsen au Faza atalala wapi? Wote wawili wana digrii moja na alama sawa, lakini mmoja ataingia ofisini na mwengine ataambiwa hana uzoefu. Halafu tunasema watu wa Pwani hawapendi kusoma.

Zipo njia zisizodai mfuko mzito. Mpango wa Wafanyakazi wa Kujitolea wa UN, UNV, hutoa posho ya kujikimu kila mwezi pamoja na bima, na una nafasi za vijana wa miaka 18 hadi 26. UNICEF nayo huwapa wanagenzi wake posho. Kijana ajiandikishe mapema na afuatilie matangazo kila wiki.

Tena uzoefu si lazima uanzie Gigiri. Mradi wa Mikoko Pamoja wa Gazi, kaunti ya Kwale, unaouza hewa ya kaboni kutokana na mikoko, ulishinda Tuzo ya Equator ya UNDP mwaka 2017. Mkataba wa Nairobi wa 1985, unaolinda bahari yetu ya magharibi mwa Bahari Hindi, husimamiwa na UNEP. Shehena za chakula za WFP za kwenda nchi jirani hupita bandari ya Mombasa. Aliyesomea mambo ya bahari au uchukuzi, akafanya kazi mwaka mmoja katika kikundi cha wavuvi na akaweka kumbukumbu za alichokifanya, ana jambo la kusema kwenye mahojiano ambalo wa bara hana. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

Lugha nayo ni mtaji. Kiarabu na Kifaransa ni miongoni mwa lugha sita rasmi za UN. Wengi wetu tuna msingi wa Kiarabu cha madrasa, lakini kusoma si kuzungumza. Kinahitaji kuendelezwa hadi mtu aweze kuandika ripoti. Kiswahili chetu pamoja na Kifaransa ni silaha kwa kazi za Kongo.

Na tahadhari moja: UN haitozi ada yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri. Anayekuomba pesa za fomu au za "usajili" ni tapeli, hata akiwa na nembo ya buluu.

Lakini juhudi ya kijana peke yake haitoshi. Kaunti zetu sita hutoa basari za ada kila mwaka, kisha mtoto akihitimu tunamwacha mlangoni. Kila kaunti ikigharimia wanagenzi kumi kwa mwaka kwa hesabu tuliyoifanya, ni Sh1,404,000. Kwa zote sita ni takriban Sh8.4 milioni, na vijana 60 wameingia. Kama sheria inazibana kaunti, basi wafanyabiashara wetu, misikiti, makanisa na vyama vya waliosoma vyuo vyetu wanaweza kuanzisha hazina hiyo. Na Wapwani walioko Gigiri tayari, hata saa mbili kwa mwezi za kupitia maombi ya vijana zitasaidia sana.

Ofisi zikishajaa, mwaka 2027 hatutakuwa na haki ya kulalamika kwamba tulisahauliwa. Bajeti zijazo za kaunti zitajadiliwa mbele ya wananchi. Twendeni na hesabu hii mkononi tuwaulize: fungu la wanagenzi liko wapi?