Daraja la pili kwa miaka 118

Haya wasomaji wangu, boom limekata, chai ya kantini yenyewe ni ya kupigia hesabu, halafu leo nawaletea habari za mvinyo wa Ufaransa! Msicheke. Hii inatuhusu sana sisi tunaosomea ualimu.

Kuna shamba la mizabibu linaitwa Château Mouton Rothschild, kule Pauillac, karibu na Bordeaux. Mwaka 1855 mtawala wa Ufaransa, Napoleon III, alitaka mvinyo wa Bordeaux upangiwe madaraja kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris. Kazi wakapewa madalali. Unadhani waliangalia nini? Bei ya sokoni! Mashamba manne yakapata daraja la kwanza: Lafite, Latour, Margaux na Haut-Brion. Mouton likawekwa la pili.

Mwaka 1922 akaja kulisimamia kijana wa miaka 20, Philippe de Rothschild. Umri wetu kabisa. Enzi hizo mvinyo uliondoka shambani ukiwa kwenye mapipa, wafanyabiashara ndio wanautia kwenye chupa. Yeye akakataa: mavuno ya 1924 yote yakajazwa kwenye chupa palepale shambani. Kuanzia mavuno ya 1945 akawapa wasanii kazi ya kupamba lebo. Muda wote huo anapigania daraja libadilishwe. Likabadilishwa mwaka 1973, kwa sahihi ya waziri wa kilimo, Jacques Chirac. Miaka 118 jamani!

Sasa nauliza: usiku ule kabla waziri hajasaini, mvinyo ulikuwa na ladha nyingine? Na daraja lenyewe halikuukinga. Mwaka 1976, hukohuko Paris, waonjaji wa Kifaransa walionja bila kujua kipi ni kipi. Mouton ya 1970 ikashika nafasi ya pili, nyuma ya Stag's Leap ya California, Marekani.

Msimamo wangu ni huu: daraja linasema mengi kuhusu kipimo kilichotumika, na kidogo kuhusu kilichopimwa. Darasani tutamkuta mtoto aliyeshaandikiwa "huyu ni wa pili", na kila mwalimu anayefuata ananakili tu. Mouton lilikuwa na tajiri mwenye jina na nusu karne ya kuhangaika. Mtoto wa mkulima hana vyote viwili. Ana mwalimu wake tu, basi.

Nyie mnasemaje?