Baada ya pudre, nini?



Matokeo ya Egzameni ya Serikali yakitoka, tunaimba, tunamwagia mtoto pudre kichwani, tunachinja kuku. Ni haki yake, amesoma miaka mingi.

Lakini sisi walimu, kila mwaka tunaona wengine wanarudi shuleni kutuuliza: «Mwalimu, sasa niende wapi?» Feza ya kujiandikisha imekwisha kwenye karamu. Kijana anakaa tu nyumbani. Msichana, mara tunasikia ameolewa.

Basi tuongee naye mbele ya matokeo. Anayependa kufundisha, aulize ISP. Anayependa kutunza wagonjwa, aulize ISTM. Ikiwa hatuwezi kulipa miaka mingi, INPP inafundisha kazi kwa muda mfupi zaidi: ushonaji, umeme, mekaniki. Si aibu, fundi mzuri hulisha nyumba.

Buletini za miaka miwili ya mwisho tuzitunze vizuri, zitaombwa.

Na kwenye likirimba, zamu ya mwezi ule tumpe mama mwenye mtoto aliyemaliza. Kuku mmoja apungue, mtoto aandikwe.