Franco alipata walezi wengi, akakosa wa kumkemea

Kila mwezi wa Oktoba unapokaribia, jina la Franco Luambo Makiadi hurudi midomoni mwa watu. Alifariki nchini Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989, lakini gitaa lake bado linasikika Kisangani, Isangi na Yangambi: kwenye baa, kwenye matanga, kwenye simu za vijana wanaosubiri mashua ukingoni mwa mto. Na mabishano hurudi pamoja naye. Wako wanaosema alikuwa mwalimu wa taifa. Wako pia wazazi wanaozima redio wakimsikia, kwa sababu wanakumbuka matusi yake na sifa alizomwimbia Mobutu.

Pande zote mbili zina ukweli wao. Lakini kubishana kama Franco alikuwa mtu mwema au mtu mbaya hakumsaidii yeyote leo. Maisha yake yana somo moja linalowahusu moja kwa moja vijana wa Tshopo, hasa watoto wa familia zilizokimbia vita: kipaji kinahitaji mtu wa kukilea na mtu wa kukikemea. Franco alipata walezi. Wa kumkemea kwa haki hakumpata.

Alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, katika Kongo ya Chini, akakulia Léopoldville, mji unaoitwa leo Kinshasa. Baba yake, mfanyakazi wa reli, alikufa Franco akiwa bado mtoto. Mama yake akabaki na watoto, akawalisha kwa kuuza maandazi katika soko la Ngiri-Ngiri. Shule ya mtoto ikakatika mapema. Alijitengenezea gitaa la kopo, nyuzi zake zikiwa nyaya za umeme zilizochunwa, akawa analipiga karibu na meza ya mama ili wateja wasogee.

Mtu aliyempita siku zile angeweza kusema: huyu ni mtoto wa mjane, hana shule, anapiga kelele sokoni, atakuwa mwizi. Lakini alikuwepo Ebengo Dewayon, mpiga gitaa aliyemfundisha kushika nyuzi za kweli. Alikuwepo Henri Bowane, mwanamuziki mkubwa wa wakati ule, aliyempokea katika studio ya Loningisa na kumpa jina la Franco. Mwaka 1953, akiwa na miaka 15, tayari alikuwa anarekodi santuri. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakaunda OK Jazz, jina lililotokana na baa ya OK walikokuwa wakipiga.

Neno hilo la jazz lisimchanganye msikilizaji. Wakongo walilichukua kutoka Marekani kama jina la bendi ya kisasa, lakini walichopiga kilikuwa rumba, iliyorudi Afrika kwa njia ya santuri za Cuba. African Jazz ya Joseph Kabasele, pamoja na gitaa la Dokta Nico, ilikuwa na utamu na unadhifu. Franco alikuwa na ukali. Alidonoa nyuzi mbili kwa pamoja, akarudia sentensi moja ya gitaa mpaka miguu ya wachezaji ikashindwa kutulia. Na maneno yake yalitoka sokoni: madeni, wivu, mke mwenza, mume asiyerudi nyumbani, rafiki msaliti. Ndiyo maana mama wa Kisangani na fundi wa Matadi wote walidhani anaimba habari za jirani yao.

Aliongoza bendi ile zaidi ya miaka 30. Vicky Longomba, Verckys, Simaro Lutumba, Sam Mangwana, Madilu System, wote walipitia mikononi mwake. Wengine walikaa, wengine waliondoka kwa ugomvi, kwa sababu kuishi na Franco hakukuwa rahisi. Alikuwa na moyo wa kutoa na hasira ya haraka. Aliyemkosea aliweza kujikuta ndani ya wimbo, na wimbo ule ukapigwa nchi nzima. Mwaka 1970 mdogo wake Bavon Marie Marie, naye mpiga gitaa hodari, alikufa katika ajali ya gari. Watu wakamsingizia Franco mambo mazito. Huzuni ilimfanya aache muziki kwa muda. Hapo alionja yeye mwenyewe jinsi maneno ya watu yanavyouma.

Sasa, nani alimkemea? Serikali. Lakini tazama ilivyofanya. Mwezi wa Juni 1966 Mobutu aliwanyonga hadharani wanasiasa wanne, Évariste Kimba na wenzake. Franco akatoa wimbo wa mafumbo uliomfananisha mtawala na mchawi anayekula watu wake, na wimbo huo ukapigwa marufuku. Baadaye mwimbaji huyo huyo akageuka kuwa sauti ya utawala. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Akapewa nishani, akapata mali. Mwaka 1978 akasambaza nyimbo mbili za matusi ya wazi, akafungwa na kunyang'anywa nishani, kisha akatolewa kabla ya kumaliza kifungo. Mwaka 1984, Mobutu alipokuwa mgombea pekee wa urais, Franco alimwimbia kampeni.

Kwa hiyo alifungiwa wimbo aliposema ukweli, akafungwa jela alipotukana, akalipwa aliposifu. Kemeo la namna hiyo halimfundishi mtu kutofautisha ukweli na tusi. Linamfundisha kitu kimoja tu: kuangalia nani ana nguvu. Na wasikilizaji? Wengi walicheka. Kaseti za matusi zilinunuliwa na watu wale wale waliojifanya kushangaa.

Hata hivyo, mdomo ule uliweza kufanya zaidi. Mwaka 1985 alitoa "Mario", habari ya kijana msomi anayekula jasho la mwanamke aliyemzidi umri, na mpaka leo kijana wa aina hiyo anaitwa Mario. Mwaka 1987 alitoa wimbo wa kuonya juu ya UKIMWI, wakati familia nyingi zilikuwa zinaficha hata jina la ugonjwa. Aliwasemesha wazazi, walimu, waganga, wahubiri na serikali, kila mmoja na wajibu wake. Ukali wake ulibaki ule ule. Safari hii aliuelekeza kwenye hatari iliyokuwa inaua watu.

Haya yanagusa Tshopo kwa karibu. Tangu mwaka 2023 mapigano kati ya Wambole na Walengola yamewatoa maelfu ya watu vijijini mwao, na wengi walikimbilia Kisangani. Katika familia hizo wamo watoto waliopoteza baba, wanaomsaidia mama kuuza mihogo au maandazi, ambao shule yao imekatika. Wamo wanaotengeneza gitaa la kopo na ngoma ya bidoni. Mara nyingi wanafukuzwa kama wavivu. Anayewafukuza angemfukuza Franco.

Watu watasema: familia hizi zinahitaji unga, dawa na usalama wa kurudi mashambani, si muziki. Ni kweli, na hakuna wimbo unaojaza chungu. Lakini mtoto mwenye kipaji hatasubiri amani irudi ndipo aimbe. Ataimba leo, na ataimba yale anayosikia. Akisikia chuki, ataimba chuki. Zamani wimbo wa tusi ulihitaji studio, kiwanda na meli ya kupandisha santuri mtoni. Leo unahitaji simu moja, na kabla ya jioni umefika Yangambi, Opala na Ubundu. Franco alimtukana mtu mmoja kwa jina lake. Wimbo unaotukana kabila zima unaweza kuchoma kijiji.

Ndiyo sababu kulea peke yake hakutoshi. Mpiga gitaa mzee wa mtaa amwonyeshe mtoto namna ya kushika nyuzi, na siku mtoto akiimba kwamba watu fulani wote ni wauaji, mzee huyo huyo amwambie: wimbo huu hapana, utunge upya. Kanisa linalompa kijana gitaa la kwaya limruhusu pia kuimba habari za shamba lililoachwa na ndugu aliyepotea. Redio inayopiga nyimbo za zamani iseme wimbo ulitoka mwaka gani na kwa sababu gani, ili kijana ajue lini Franco alisema kweli na lini alikuwa analipwa. Na msikilizaji asisambaze wimbo wa chuki kwa kisingizio kwamba mdundo wake ni mtamu.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Kinshasa ilimchekea Franco, ikamwacha Mobutu afanye kazi ya kumkanya. Tshopo haina haja ya kurudia. Watoto wenye vipaji wako hapa, na wanaowasikiliza kila siku ni mama zao, walimu wao na majirani zao. Hao ndio wenye haki ya kuwapigia makofi, na ndio wenye wajibu wa kuwaambia hapana.